Chakula cha Chiriku wa Mama

Tarehe 9 Februari
Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu,

Marahaba, na salamu nyingi kwako na kwa mama. Barua yako ya Desemba imenifikia juzi, kona moja imelowa, lakini mwandiko wako mnene umestahimili maji. Huku baridi imekaza. Shemeji yako hajambo. Mimi bado nashona migongo ya vitabu vya maktaba, ila siku hizi kazi naileta nyumbani na kuifanya kwenye meza ya dirishani. Nimefurahi kusikia kwamba kikohozi cha mama kimepoa na kwamba bado anakuita Kasuku mbele za watu. Jina hilo ulilipata kwa haki.

Sasa jambo lenyewe. Unasema chiriku watatu wamekufa tangu mvua zianze, wamebaki sita, na hao sita wanashinda wamejivimbisha manyoya kama wagonjwa waliojifunika blanketi. Umeniomba dawa. Sina dawa, mdogo wangu. Ndege akijivimbisha, kwanza mimi huuliza amekula nini, na hilo hukuniambia. Umejaza ukurasa mzima kwa habari za jirani yetu fundi saa na mke wake mpya; juu ya chakula cha ndege umeandika neno moja: "wanakula."

Wanakula nini? Nani anawapa? Kama ni mbegu, ni mbegu za aina gani, na zimekaa dukani muda gani?

Nikieleza ninavyojua mimi, mbegu peke yake hazitoshi, ingawa wao wenyewe, wangekuwa na midomo ya kusema, wangekuapia kwamba zinatosha. Chiriku akiachiwa achague, atachagua zenye mafuta tupu, kama wewe ulivyokuwa ukichagua nyama mchuzini na kutuachia viazi. Wachanganyie ulezi, uwele na mbegu ndogo za nyasi. Alizeti waachane nayo. Asubuhi wape majani mabichi yaliyooshwa vizuri, na kipande cha tango. Mara moja moja chemsha yai mpaka liwe gumu, ulivuruge pamoja na ganda lake. Ganda ni la lazima kwa majike: jike asiyepata chokaa hutunga yai laini, likamkwama, akafa nalo tumboni. Ukipata mfupa wa ngisi, ufunge kwenye waya wa tundu waugugune. Chumvi usiwape, wala mafuta ya kupikia, wala mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Parachichi ni sumu kwao. Na usibadilishe vyote kwa siku moja, maana ndege anayekiogopa chakula kipya anaweza kukaa njaa mbele yake.

Nijibu upesi. Ndege mdogo kiasi hicho hana akiba mwilini. Hawezi kusubiri posta kama tunavyosubiri sisi.

Umeuliza pia habari ya safari. Tutazungumza.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Aprili

Kaka Nukta,

Shikamoo. Nakuita hivyo kwa sababu barua yako ilikuwa na nukta nyingi kuliko salamu. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Mimi mzima. Kule hospitali mashine moja ya kufulia imekufa, kwa hiyo mashuka ya wodi nzima tunayafua kwa mikono, na mikono yangu sasa ukiiona utadhani nimeiazima kwa bibi kizee fulani.

Barua yako nilimsomea mama siku ileile, kwa sauti, kama kawaida yetu. Nilipofika kwenye yai akacheka mpaka kikohozi kikarudi.

"Yaani mwanangu anataka ndege wale watoto wa ndege?"

"Ndivyo alivyoandika, mama."

"Huko aliko amesoma mpaka akapitiliza. Haya, chemsha. Lakini hilo yai lisiwe la mtu tunayemjua."

Basi tumechemsha. Wawili wamelidonoa, wengine wamelitazama kama mimi ninavyomtazama msimamizi wetu. Mfupa wa ngisi nimeupata kwa muuza samaki, naye alinicheka. Lakini kaka, barua yako ilikuta jike mkubwa ameshakufa. Alikaa sakafuni mwa tundu ametanua miguu, anasukuma, anasukuma. Sikujua ni yai. Nilidhani amechoka tu.

Sasa nikuambie wanachokula, na usinikasirikie, maana hata hili sijawahi kukuandikia. Mama bado hukupakulia chakula. Kila jioni sahani yako iko mezani, ile yenye ua la bluu, na tukimaliza kula sahani yako inakwenda tunduni. Wali wa mafuta, mchuzi, chochote tulichopika, na chumvi yake. Anasema ndege ni wako, kwa hiyo riziki yako ni yao. Ulezi pia wanapata. Bakuli analijaza mwenyewe, hataki mtu aliguse. Macho yake unajua yalivyokwisha, lakini anaingiza vidole na kuhisi limejaa, ndipo anapokaa mezani. Wenyewe kwanza, yeye baadaye. Ndege wasipokula, naye hali. Tangu jike afe, amekuwa anaonjaonja tu.

Nilimwambia, "Mama, hawa si wale aliowaacha. Ni vitukuu vya vitukuu vyao."

Akaniambia, "Kwani wewe si mwanangu kwa sababu hukumjua bibi yangu?"

Ana imani yake, kaka. Anasema siku unaondoka, mlangoni, neno lako la mwisho lilikuwa "wape maji." Anasema mtu asiyerudi hasemi wape maji, anasema wagawe. Mimi nilikuwa nalia chooni, sikusikia.

Sasa nifanye nini na sahani? Nikimzuia kuipeleka tunduni, nitakuwa nimemwambia nini?

Msalimie shemeji.

Kasuku

*

Tarehe 20 Mei
Mwaka uleule wa thelathini na moja

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu, unisamehe. Siku hizi kutoka mimi kwenda posta kunahitaji mipango. Huku majira yamegeuka, miti ya mtaani imeota majani. Shemeji yako hajambo. Ipake mikono yako mafuta na uifunge kitambaa kabla ya kulala. Na huyo msimamizi wenu mwambieni mashine haifufuki kwa kutazamwa.

Nimeisoma habari ya sahani mara kadhaa. Mama akitaka iwe mezani, iache iwe mezani. Lakini kilichomo wasipewe ndege hata punje. Ini la chiriku haliwezi kubeba mafuta ya chakula cha watu, na chumvi inayotukolea sisi ni mzigo mkubwa kwa mwili ulio mwepesi kama kizibo cha chupa. Mwambie mama ni mimi niliyesema. Mwambie hivi: sahani ni yangu, nami natoa ruhusa aile yeye.

Kuna jambo jingine limenikosesha raha tangu niisome barua yako. Unasema mama hujaza bakuli la ulezi mwenyewe, na hujua limejaa kwa kuingiza vidole. Je, anamwaga kwanza kilichobaki? Chiriku hamezi mbegu nzima. Huipasua mdomoni, hula kiini, na ganda huliangusha palepale bakulini. Baada ya siku chache bakuli huonekana limejaa, na kwa mguso pia limejaa, kumbe ni makapi matupu. Ndege husimama juu yake wakipekua na kupekua, nawe ukiwatazama unaona wanakula. Wanaweza kufa njaa hivyo, mbele ya bakuli lililojaa.

Tafadhali lichukue bakuli nje uwani, ulipulize. Kinachobaki baada ya kupuliza ndicho chakula chao. Tangu leo iwe hivyo kila asubuhi: puliza, ongeza, badilisha maji. Kama nimekosea, nitafurahi kukosea.

Habari ya safari bado.

Kaka yako

*

Tarehe 11 Julai

Kaka,

Shikamoo. Leo sina utani.

Hukukosea.

Barua yako niliisoma kwa sauti, unajua tunavyofanya, mama amekaa kwenye kiti chake karibu na tundu na mimi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Sikujua kilichomo mbele. Nilipofika kwenye makapi ulimi ulikwisha kusema kabla akili haijanizuia. Nikajaribu kuruka mstari.

"Umeruka," mama akasema. "Rudi."

Nikarudi. Nikasoma yote. Kisha nikachukua bakuli nikitaka kwenda nalo uwani kama ulivyoagiza, akasema hapana, lipulizie hapahapa nisikie. Kaka, nilipuliza mara moja tu na makapi yakajaa chumba kizima, yakamwingia mama kwenye nywele, yakanasa kwenye sweta yake. Yalikuwa mepesi kama hayapo.

"Kimebaki nini?"

"Kimebaki kidogo, mama."

"Nipe."

Akaingiza mkono. Nilisikia kucha zake zikikwaruza bati. Akaupitisha mkono chini ya bakuli, duara, tena duara, kama mtu anayetafuta pete. Hakulia. Alisema, "Nimewaua kwa njaa, na mimi nikikaa hapa nawasikiliza wakitafuta." Basi.

Wakati barua yako iko njiani wengine watatu walikuwa wameshakufa. Wamebaki wawili, dume na jike. Hao sasa wanakula, nakuambia kweli. Ninapuliza kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Majani wanapata, tango, yai na ganda lake. Mbegu nimeziotesha kwenye kitambaa kibichi kama alivyonishauri mwenye duka, wanazigombania. Manyoya yamelala vizuri na dume ameanza kuimba. Ungewaona ungefurahi.

Mama ndiye asiyekula. Chai kidogo asubuhi, na hiyo naimwaga nusu. Namwambia, "Mama, wenyewe wameshiba, zamu yako." Anasema, "Zamu yangu niliila wakati wao wana njaa." Nilimleta daktari wa kule kazini, mtu mwema, alikuja baada ya saa zake. Akampima, akanitoa nje, akasema, "Mwili hauna ugonjwa. Umeamua." Gauni zake nimezipunguza kiunoni na bado zinaanguka. Nikimwinua kitandani naogopa mikono yangu mwenyewe, imezoea mashuka mazito.

Juzi nikapiga magoti. Nikamwambia mama nifanye nini, niambie, nitafanya. Akaniambia, "Mwenyewe aje awalishe. Mimi siaminiki tena. Akija nitakula."

Kaka, tangazo la serikali la kuwaruhusu ninyi mliokimbia mrudi limetoka muda mrefu, najua na huko mmelisoma. Yule mpiga picha mliyeondoka naye amerudi, amefungua duka, ana kitambi. Hakuna anayemuuliza lolote. Wewe unangoja nini?

Kama huwezi kuja, basi nipe tarehe. Hata ya uongo. Andika, "Nitafika tarehe fulani," uweke na nukta yako. Iandike kwa mkono wako, maana mimi siwezi kuitunga. Barua zako mama humpa fundi saa azisome tena, kuhakikisha sijaongeza wala sijapunguza. Nipe tarehe ili ale. Mengine tutajua mbele.

Na shemeji yuko wapi? Barua zote za mwaka huu umeandika "Shemeji yako hajambo," maneno yaleyale, kama muhuri. Zamani alikuwa akiongeza mistari yake chini, na yale makosa yake ya lugha yetu uliyokuwa ukikataa kumsahihishia. Kama amekukimbia sema, hatutacheka sana.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Kasuku

*

Tarehe 3 Septemba
Mwaka wa thelathini na moja, na sasa naacha kuuhesabu

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma nimesimama. Najua hii utaisoma kwa sauti, na kwamba fundi saa ataisoma tena baada yako. Nimeiandika nikijua hivyo. Fundi, salamu kwako na kwa mkeo.

Nianze na shemeji yako, kwa kuwa umeuliza na kwa kuwa kila kitu kinatokea hapo. Hajanikimbia. Yuko nyuma yangu ninapoandika, kwenye kiti chake, anakunja na kukunjua leso. Kumbukumbu zake zimekwenda. Zilianza na majina ya vitu, zikafuata njia za mtaani, kisha mimi. Hanijui jina wala hajui mimi ni nani kwake, ila anajua mkono wangu. Kijiko nikishika mimi, hufungua mdomo. Akishika jirani yetu, muuguzi mstaafu ambaye amelisha watu maisha yake yote, hufunga meno na kutazama mlango. Tulijaribu siku nilipolazwa kwa ajili ya kifua. Niliporudi midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nilipokisogeza kitanda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine alilia mpaka nikakirudisha. Mtu kama huyo huwezi kumpandisha chombo cha safari na kumvusha nchi. Vilevile huwezi kumwacha. Ndiyo sababu kazi nafanyia nyumbani, na barua zangu zinachelewa: nangoja alale, jirani akae kizingitini, nikimbie posta nirudi. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa na wako wa kulisha.

Umeniomba tarehe ya uongo. Nimeifikiria kweli, usidhani nimeitupa. Nilichukua karatasi nikaandika "Nitafika," nikatafuta mwezi. Nikikupa tarehe, mama atakula mpaka siku hiyo. Siku inayofuata utamlisha nini? Utaniandikia tena, nami nitakupa nyingine, na kila moja itakuwa nyembamba kuliko iliyotangulia. Tarehe ya kweli nayo ni moja tu, ile ya baada ya mke wangu kufa. Siku nitakapoanza kuihesabu hiyo nitakuwa nimeanza kungoja afe, naye atalihisi hilo kwenye kijiko changu.

Mdogo wangu, sasa mshike mama mkono, nina maneno naye.

Mama, shikamoo. Hukuwaua. Mimi nilifuga chiriku miaka yangu yote ya ujana na nilikuwa na macho, na bado niliwahi kupoteza tundu zima, kwa chakula kilichooza nilichokiona kizima. Wewe uliwalea hawa, na wazazi wao, na waliowazaa hao, miaka yote ambayo mimi sikuwapo hata kuwabadilishia maji. Hawanijui. Nikiingia chumbani humo leo watajipiga kwenye waya kwa hofu. Sauti wanayoifahamu ni yako.

Unasema nije niwalishe kwa sababu wewe huaminiki. Kasuku atapuliza, wewe utajaza. Kabla hujajaza, omba bakuli tupu, upitishe vidole ndani uhakikishe ni tupu. Kisha ulezi na uwele, kiasi cha kiganja chako, usijaze mpaka juu. Majani uyachague wewe kwa kunusa, yaliyonyauka utayajua kabla ya Kasuku. Yai mlimenye pamoja. Wawili hao watakaa miaka, Mama, wakipata hivyo, na kazi hiyo inahitaji mtu aliyekula.

Na wewe, Kasuku, najua unakula umesimama, sufuria mkononi, mguu mmoja uko kazini. Usifanye hivyo tena. Kiti chako kiweke kati ya mama na tundu. Chiriku hula wakiona mwenzao anakula. Aliye peke yake, mbele ya chakula kizuri kabisa, hushika pembe akanyamaza. Hata huku nimeliona. Mke wangu nikimlisha huku mimi natazama tu, huchoka upesi. Nikila kijiko changu kwanza, polepole, bila kumhimiza, hufungua mdomo. Basi kula mbele ya mama. Usimwombe wala usipige magoti. Chukua chakula laini kisicho na pilipili, kidogo, cha moto, ule wewe, kisha uache kijiko chake karibu na mkono wake unyamaze, jambo ambalo najua kwako ni kazi nzito kuliko mashuka. Asipokula mara ya kwanza, rudia jioni. Asipokula jioni, rudia asubuhi. Huenda usifanikiwe. Huenda barua hii ikafika na kitanda cha mama kimekwisha kutandikwa. Ninaandika nikilijua hilo, na bado siwezi kuandika kinyume chake.

Mama, uliniamini kwa maneno mawili niliyoyasema mlangoni, na nisingependa tena umeze kitu chochote, hata tonge moja, kwa ajili ya neno langu lisilo na kitu ndani. Kula kwa sababu Kasuku amekaa mbele yako na amechoka. Kula kwa sababu ni wakati wa kula. Usile kwa kuningoja.

Mimi sitarudi.